Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Darasani kwangu, hapa Butembo, hatuandiki sheria yoyote ya fizikia ubaoni kabla ya kuikasirikia. Wanafunzi husimama na kuisema vibaya: kwamba ni ya uongo, kwamba aliyeitunga hajawahi kubeba mzigo wala kupika, kwamba nchi nzima inadanganywa. Mimi nakaa kwenye dawati la nyuma nikiwasikiliza. Hasira ikishapungua, tunachukua chaki. Inspekta mmoja aliyetutembelea alipendezwa, akaniuliza mbinu hiyo inaitwaje na niliisomea wapi. Nilikohoa, nikamwambia ni mambo ya uzoefu. Ningemwambiaje kwamba niliipata kwenye sufuria la maharage, siku niliyogombana na maji?

Kabla ya hapo, dawa yangu kwa mwanafunzi aliyekwama ilikuwa sauti. Asipoelewa, nilirudia maneno yale yale kwa nguvu zaidi. Akiendelea kutoelewa, nilipaza tena. Mama wanaouza ndizi nje ya ukuta wa shule walikuwa wanaijua sheria ya vitu kuelea kuliko darasa langu, maskini, na hawakuiomba. Nilijiona mwalimu mkali anayependwa kimyakimya. Kimya kilikuwapo kweli.

Nakumbuka somo la vitu vinavyoanguka. Nilipanda juu ya meza, nikaangusha jiwe kubwa na jiwe dogo kwa pamoja, yakagonga sakafu kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akasema, "Prof, leo kuna upepo." Nilimcheka mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba mtu anayeona jambo kwa macho yake mawili, halafu akatafuta upepo wa kulisingizia, huyo hata mtakatifu wa parokia yake hawezi kumsaidia. Darasa likacheka nami nikashuka mezani nimeridhika, ingawa goti liliniuma kwa wiki nzima.

Katika darasa hilo la tano, section scientifique, yaani mchepuo wa sayansi, kulikuwa na binti aliyetoka upande wa Kalunguta. Aliishi na bibi yake, aliyemwita koko, kwenye mtaa wa mlimani, na alitaka kuwa laborantine, yule anayechungulia tone la damu na kusema kama lina malaria. Hakuwa mtu wa kukariri. Wenzake waliandika nilichosema, wakakitapika kwenye mtihani, wakalala usingizi mzuri. Yeye wazo likimkataa, alilikataa pia. Alitafuna kalamu, alifuta mpaka karatasi ikatoboka, na mara nyingine machozi yalimtoka kwa hasira tu, bila huzuni. Hiyo mimi niliiita kiburi.

Alhamisi moja nilifundisha kuchemka. Niliandika kwamba maji huchemka kwa digrii mia, à la pression normale, yaani kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, na nikaweka mstari chini ya maneno hayo, maana aliyeyasahau nilimpunguzia alama. Kisha nikatoa lile jambo ninalolipenda kwa sababu linawakera: maji yakishachemka, ongeza makaa, makala kama tunavyoyaita hapa, utakavyo, joto lake halipandi tena. Moto wote wa ziada unakwenda kuyageuza mvuke.

Binti akasimama bila kuinua mkono.

"Prof, donc mutu akiongeza makala, hii maji haitaongeza moto?"

"Haitaongeza. Itabakia pale pale."

"Hata aweke gunia nzima?"

"Hata gunia nzima."

"Donc koko yangu anachomaka makala ya bure kila siku?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Mwalimu mwenye akili angeliandika ubaoni. Mimi nilisema, "Koko yako hakusoma physique," na darasa likaangua kicheko.

Aling'oa ukurasa wa somo, akaukunja polepole. "Basi miye nitaenda coupe-couture," akasema. "Kule kitambaa ukikata, inakatika."

Nikamwonyesha mlango kwa chaki. Ijumaa hakuja. Mkuu wetu wa shule, ambaye kwetu ni préfet, aliniita ofisini, akaniambia binti ameomba kubadili section, na kwamba Jumatatu bibi yake angekuja kutia sahihi. Baada ya hapo asingerudi tena kwenye sayansi. Utaratibu wa shule haukuruhusu kwenda na kurudi. Niliumia, na nisijisifu kwamba niliumia kwa ajili yake peke yake. Niliumia pia kwa sababu fizikia yangu ilikuwa imeshindwa na cherehani.

Nikaamua kumrudisha kwa ushahidi. Jumamosi asubuhi nilishuka mjini kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mpole anayeleta mali kutoka Kampala, na kati ya betri na minyororo ya pikipiki nikapata kipimajoto cha kioo chenye maji mekundu ndani na alama zinazopita mia. Katika miaka yangu yote ya kufundisha joto sikuwahi kushika kitu hicho. Shule yetu ina kabati la laboratoire, lakini ndani yake mna mifagio. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikapanda mlima nikiwa nimekwisha kutunga hotuba ya ushindi, na nilikuwa naifanyia mazoezi njiani hadi mtoto mmoja akanikimbia.

Bibi alinipokea vizuri kupita kiasi. Kwetu Wanande mgeni haachwi aondoke na tumbo tupu, na mgeni mwenyewe hathubutu. Akiondoka kabla ya kula, ameitukana nyumba. Na maharage ndiyo kwanza yalikuwa yamewekwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, makavu ya msimu uliopita kutoka Vuhovi, alivyosema, magumu kama changarawe. Maana yake ni kwamba nilikuwa mfungwa pale mpaka yaive. Binti alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa mbabula na kunisalimu kwa heshima.

Nikamweleza bibi kwamba nimekuja kuonyesha jambo kidogo la masomo. Nikafunga kipimajoto kwenye kijiti kwa uzi ili kisiguse chini ya sufuria, nikakitumbukiza. Mstari mwekundu ukapanda. Maji yakaanza kutokota, mstari ukasimama.

"Sasa, mama, ongeza makala," nikasema kama mwenye nyumba.

Bibi hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Aliongeza, akapepea, cheche zikaruka. Sufuria likafoka, povu likamwagika, lakini mstari haukusogea hata unywele. Nilikuwa nimeshinda. Nikajiweka sawa, nikamwita binti aje aone kwa macho yake, nami nikasubiri uso wake ulegee.

Akainama, akatazama kwa muda.

"Prof," akasema, "iko nonante-quatre."

"Soma muzuri."

"Nimesoma. Ulituandikia cent."

Nikavua miwani, nikaipangusa kwa shati, nikainama hadi mvuke ukaniunguza kidevu. Tisini na nne. Nikakitoa kipimajoto, nikakikung'uta, nikakirudisha. Kilipanda kwa utii hadi tisini na nne, kikakaa.

"Hii kikioo yako imeogopa moto," akasema bibi.

"Ni ya Chine, mama," nikamjibu. "Vitu ya Chine njo vile." Nikaongeza kwamba pengine ni maharage yanayonyonya joto. Halafu, nikiwa na shahada ya ualimu wa fizikia na kemia, nilisema kwamba hapa Butembo ni baridi, kwa hiyo maji yanapoa kabla hayajafika mia. Nilisema hivyo mbele ya sufuria lililokuwa linafoka. Maneno yalitoka yenyewe, na hata sikuyaonea haya.

Binti alikuwa ameacha kutazama kipimajoto. Alikuwa ananitazama mimi.

"Prof, uko nakasirika?"

"Mimi? Hapana!" nikasema, na kuku wakaondoka uani.

Bibi akafunika sufuria, akaweka jiwe juu ya kifuniko, na ili kunipoza akageuza mazungumzo. Alisema maharage ya Butembo yamezoea kusumbua watu. "Kule Beni inaivaka mbio," akasema. "Makala ya kule ni ya muti muzuri." Sikujali habari ya miti, lakini neno Beni lilinishika. Beni kuna joto! Kule hakuna baridi ya kunipunguzia digrii zangu. Kule ningepata mia yangu, ningerudi nayo Jumatatu kabla ya sahihi, na mambo yangekwisha.

Maharage yaliletwa na bundu, ule ugali wetu, na yalikuwa bado yanagonga meno. Niliyala yote kwa adabu. Sikuweza kuitoa ile hotuba ya ushindi. Nilisema asante, nikashuka mlima na kipimajoto changu mfukoni.

Kwanza nilikwenda kwa mfanyabiashara kumrudishia mali yake mbovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawasha jiko dogo alilokuwa akipikia chai nyuma ya duka, akafungua kipimajoto kingine kipya, akakitia kwenye birika. Tisini na nne. Akafungua cha tatu.

"Prof, zote ziko sawa," akasema.

"Zimetoka mu carton moja?"

"Carton moja."

"Basi ni carton nzima imeharibika!"

Alinitazama kwa huruma ya mtu anayeuza vitu vya umeme kwa watu wa kila aina. "Sawa, prof," akasema. "Chukua hata hizi mbili, ujaribu na kwa nyumba." Nilivichukua.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nikauliza habari za barabara, nikaambiwa ni shwari, nikapanda gari la Beni. Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, anakaa commune ya Beu, anauza mafuta ya mawese sokoni. Aliponiona mlangoni alidhani nimeleta habari ya msiba. Nilipomwomba mbabula, sufuria na maji, akashika kiuno.

"Weye umetoka Butembo, na hii njia yetu ya matatizo, kukuya kuchemusha maji?"

"Ndiyo, yaya."

"Maji ya bure? Hata majani ya chai hapana?"

"Hata majani hapana."

Alimwita jirani aje aone. Wakakaa kibarazani, wakanitazama ninavyopepea makala kwa kifuniko cha ndoo, nimevaa shati la kanisani. Maji yakachemka. Vipimajoto vitatu vilipanda pamoja, vikapita tisini na nne, moyo wangu ukadunda, nikapiga goti kabisa. Vikasimama kwenye tisini na sita.

Nilingoja. Nikaongeza makala, mimi mwenyewe, mwalimu wa lile somo, nikaongeza makala juu ya maji yanayochemka ili yapande. Nikapepea mpaka jasho likadondokea motoni. Tisini na sita. Nikabeba mbabula nzima kwa matambara na kuihamishia nyuma ya nyumba, dada yangu akinifuata na kuuliza inakwenda wapi.

"Labda kuna upepo," nikamwambia.

Nilisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Nikakaa juu ya bidoni, dumu la mawese. Jirani akamnong'oneza dada kwamba pengine huyu anahitaji maombi.

Jibu nilikuwa nalo tangu zamani, nilikuwa nalifundisha. À la pression normale. Niliyaandika maneno hayo kila mwaka, nikayawekea mstari, nikakata alama za watoto walioyasahau, na hata siku moja sikujiuliza kama hewa tunayovuta Butembo ndiyo hiyo normale. Mia ni ya usawa wa bahari, na bahari sijaiona. Kwetu tuko juu mlimani. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo, inayakandamiza maji kidogo, basi maji hayasubiri kupata joto lote, yanachemka mapema na kuondoka. Beni ni chini kuliko Butembo, hewa inayakandamiza zaidi kidogo, yanachemka yakiwa na joto zaidi kidogo. Hapakuwa na kikioo kilichoogopa, wala carton iliyoharibika. Maharage ya bibi yalikuwa yanapikwa na maji yenye joto pungufu, hata yakifoka namna gani.

Ungedhani baada ya kuelewa nilipoa. Wapi! Nilielewa kichwani, lakini kifua kilikuwa bado kinawaka. Nilitazama maji yale yakiruka na kupiga kelele, na mwili wangu wote uliendelea kuniambia kwamba maji yanayoruka hivyo ni mia, na kwamba moto ukizidi lazima nayo yazidi. Nilikuwa na shahada, vipimajoto vitatu na dada wa kunipikia chakula baadaye, na bado nilitaka kupiga teke sufuria. Yule binti, Alhamisi ile, hakuwa na chochote cha kumsaidia, na mwalimu wake alimcheka na kumwonyesha mlango. Nilijisikia mdogo, na nilistahili.

Jumatatu nilifika shuleni mapema, lakini bibi aliniwahi. Nilipoingia bureau ya préfet bila kubisha, alikuwa amekwisha kuketi, kalamu ya préfet mkononi, karatasi mezani bado haina sahihi. Binti alisimama nyuma yake na sare yake safi.

Nikaweka vipimajoto vitatu mezani. Nikamwambia préfet kwamba maji ya Butembo yanachemka kwa tisini na nne, kwamba mwanafunzi huyu alisoma sawasawa, na kwamba mimi nilikataa kusadiki nikasingizia Wachina, maharage na baridi.

Préfet akashtuka kwa sababu yake. "Prof, usiharibie batoto. Ku mutihani ya Examen d'État bataomba cent."

"Bataandika cent," nikasema. "Lakini bajue ni cent ya wapi."

"Na Beni?" akauliza binti. Nilikuwa sijamwambia kwamba nimekwenda; bila shaka alinisoma usoni nilipomsikia bibi akiitaja.

"Nonante-six."

Akafikiri. Nilijua anachofikiri, maana nami nilikuwa nimekifikiri: kwamba haifai, kwamba ni upuuzi, kwamba maji ni maji.

"Na kule ulikasirika?"

Préfet alikuwa ananitazama. Nilikuwa na heshima kidogo iliyobaki katika shule ile, na ilikuwa yote mle chumbani.

"Nilikasirika kutoka kwenu mpaka Beni," nikasema. "Niliongeza makala, mimi mwenyewe. Nilihamisha mbabula sababu ya upepo, na upepo haikukuwako. Na hata sasa, nikifikiria, naskia moto hapa." Nikagusa kifua.

"Aa, mwalimu," akasema bibi, "miye nilizani ni maharagi yangu ilikusumbua tumbo."

Binti hakucheka. Alinikazia macho, na nilidhani ni ile hasira yake ya siku zote.

"Prof, miye nilizani ni kichwa yangu njo imeharibika," akasema. "Kila mara kitu inanikatala, nasema: benzangu inabaingilia mbio, weye prof inakuingilia mbio, ni miye tu. Nalala na hiyo kila siku. Juu ya nini haukutuambiaka kama na weye inakuumaka?"

Nilikuwa na majibu. Programu ni ndefu, saa ni chache, wanafunzi ni wengi. Yote yalikuwa upepo. "Niliogopa mutanicheka," nikamwambia, na huo ndio ulikuwa ukweli wote.

Akapangusa macho kwa kiganja. Akachukua kipimajoto kimoja, akakishika dhidi ya mwanga wa dirisha, akakitazama kwa uadui.

"Ile ya makala, bado sijaikubali," akasema.

"Hata mimi bado."

"Basi nitabakia," akasema, "tubishane."

Bibi akamgeukia, akamtazama vizuri ili ahakikishe, kisha akamrudishia préfet kalamu yake.